Endoskopi na Damu Inayopotea Tumboni

Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma, kwa mwanamume au mwanamke aliyekoma hedhi, mara nyingi huashiria damu inayovuja kidogo kidogo tumboni, hata bila maumivu. Zamani madaktari walitoa vidonge vya chuma, wakapima choo, na baadaye wakampiga mgonjwa eksirei baada ya kumnywesha bariamu. Eksirei ilionyesha umbo la utumbo. Mchubuko mdogo unaotoa damu haukuonekana.

Hamu ya kuchungulia ndani ya mwili kwa kifaa, yaani endoskopi, ilikuwapo mapema. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Frankfurt alibuni kifaa kilichomulikwa kwa mshumaa. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Adolf Kussmaul alipitisha bomba lililonyooka hadi tumboni mwa mtu aliyezoea kumeza panga katika maonyesho. Mzoefu huyo aliweza. Mgonjwa aliyedhoofika kwa kukosa damu asingestahimili, na mwanga wenyewe ulikuwa hafifu. Bomba la Rudolf Schindler la mwaka 1932 lilipinda kiasi, ila bado pembe nyingi za tumbo zilibaki gizani.

Ufumbuzi ulipatikana Chuo Kikuu cha Michigan. Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, akishirikiana na Larry Curtiss na Wilbur Peters, alitengeneza bomba laini la nyuzi za kioo. Kila uzi ulivikwa kioo cha aina nyingine ili mwanga usitorokee uzi wa jirani. Mwaka 1957 Hirschowitz alilimeza yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa, ujasiri unaostahili kukumbukwa. Miaka ya 1960 utumbo mpana nao ulifikiwa.

Mwaka 1993 Don Rockey na John Cello wa San Francisco walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 100 wenye upungufu wa damu wa kukosa chuma: kwa 62 kati yao endoskopi ilionyesha kasoro inayoweza kuvujisha damu, vikiwemo vidonda vya tumbo na saratani. Tangu 2001, kidonge chenye kamera kimewezesha kuuona utumbo mdogo pia.

Afrika Mashariki chanzo huweza kuwa safura, minyoo inayofyonza damu utumboni, ambayo kipimo cha choo huigundua kwa gharama ndogo. Choo kikiwa safi, mwanamume mzima au mwanamke aliyekoma hedhi anastahili kuchunguzwa kwa endoskopi, tumbo na utumbo mpana. Vidonge vya chuma peke yake huongeza damu huku saratani ikiendelea kukua.