Fedha za utafiti mtandaoni: Anza na waliokwisha kupata

• Kanzidata kubwa za Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya ni bure, na zinafunguka hata kwenye simu.
• Miradi iliyokwisha kufadhiliwa inakuonyesha mlango wa kugonga.
• Ukiombwa ada ili maombi yako yapokelewe, achana nao.

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya vyuo, orodha za "fursa za ufadhili" hazikauki. Shida ni kwamba orodha haina tarehe ya kuharibika. Iliyoandikwa 2024 inaweza bado kukutuma USAID, wakati shirika hilo liliacha kazi zake 1 Julai 2025 na kilichobaki kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Kwa mtafiti kijana hilo si jambo dogo. Unaweza kukesha mwezi mzima ukiandika andiko la mradi kwa mfuko ambao haupo tena.

Njia ya uhakika ni kwenda kwenye chanzo chenyewe, yaani kanzidata. Ziko za aina mbili: zinazoweka kumbukumbu za fedha zilizokwisha kutolewa, na zinazotangaza fedha zinazotolewa sasa. Wengi hukimbilia za pili. Ukianza na za kwanza utaokoa muda mwingi, na hii hapa namna ya kufanya.

Tuchukue mfano wa mwani

Tuseme unasoma shahada ya uzamili Zanzibar na unataka kuchunguza kwa nini mwani wa cottonii unakufa maji ya bahari yanapopata joto. Swali hilo lina uzito. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Cottonii ina bei nzuri kuliko spinosum, ila ndiyo inayoshindwa mapema joto likizidi.

Hatua ya 1: Panga maneno ya kutafutia

Kanzidata hizi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo ukiandika "mwani" hupati kitu. Andika "seaweed". Kisha jaribu "macroalgae", ambalo wanasayansi hulitumia pia. Halafu weka jina la kisayansi, Kappaphycus alvarezii, na jina la ugonjwa, "ice-ice", ule unaofanya matawi yawe meupe na kukatika.

Neno pana linaleta matokeo mengi yasiyokuhusu. Jina la kisayansi linaleta machache, lakini karibu yote ni ya kwako. Tumia yote mawili.

Hatua ya 2: Angalia nani alishapewa

Fungua Gateway to Research, kanzidata ya miradi iliyofadhiliwa na mabaraza ya utafiti ya Uingereza. Huhitaji akaunti. Humo utaukuta mradi wa GlobalSeaweed, ulioongozwa na Scottish Association for Marine Science kwa fedha za mfuko wa GCRF, na Tanzania ikiwa nchi shiriki pamoja na Ufilipino na Malaysia.

GCRF haitoi tena fedha mpya. Ila ukurasa wa mradi bado una vitu vinne vya maana kwako:

• Nani aliongoza na taasisi zipi zilishiriki. Hao ndio wanaoweza kuwa wabia au wasimamizi wako.
• Kiasi kilichotolewa. Utajua kama bajeti yako ni ya kawaida au umepitiliza.
• Muhtasari wa mradi. Utaona tatizo lilielezwaje hadi mfadhili akakubali.
• Kilichokwisha kufanyika, ili usiombe fedha za kurudia kazi ya mwenzako.

Kwa miradi ya Umoja wa Ulaya tumia CORDIS, ambayo unaweza kuchuja kwa nchi. Kama utafiti wako ni wa afya, NIH RePORTER ya Marekani inafanya kazi hiyohiyo: jina la mtafiti mkuu, taasisi, na kiasi cha fedha.

Hatua ya 3: Sasa tafuta matangazo yaliyo wazi

Grants.gov ina matangazo ya ruzuku za serikali kuu ya Marekani. Inakuonyesha yaliyo wazi na hata yale yanayotarajiwa kutangazwa baadaye. Hayo ya baadaye ni ya kufuatilia sana, maana yanakupa muda wa kujiandaa. Unaweza pia kuomba utumiwe barua pepe tangazo jipya likitoka.

Umoja wa Ulaya una Funding & Tenders Portal, inayobeba programu ya Horizon Europe ya 2021 hadi 2027. Uingereza ina Funding Finder ya UKRI.

Usisahau za karibu. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, makao yake yako hapohapo Zanzibar. Mpango wake wa MASMA umekuwa ukifadhili utafiti wa bahari katika ukanda huu, na MARG ni kwa ruzuku ndogo. Kwa wanawake wanasayansi, fuatilia OWSD, lenye makao Trieste, Italia. Tanzania Bara pitia tovuti ya COSTECH. Kenya kuna National Research Fund.

Hatua ya 4: Soma vigezo kabla ya kiasi

Tangazo likiwa na fedha nyingi macho yanakimbilia hapo. Anza na sehemu ya nani anaruhusiwa kuomba, na ujibu maswali haya:

• Nchi yangu imo?
• Anaomba mtu binafsi au taasisi?
• Kuna masharti ya shahada, umri au miaka tangu nihitimu?
• Lazima niwe na wabia?

Mfano, taasisi za Tanzania, Kenya na Uganda zinaweza kupokea fedha za Horizon Europe. Lakini miradi mingi inataka kundi la angalau taasisi tatu kutoka nchi tatu tofauti za Umoja wa Ulaya au nchi washirika wake, na walau moja iwe ndani ya Umoja wenyewe. Taasisi yako inakuja juu ya hizo tatu, kwa hiyo peke yako huwezi kuomba. Hapo ndipo yale majina ya Hatua ya 2 yanafanya kazi. Tovuti yenyewe pia ina sehemu ya kutafuta wabia.

Hatua ya 5: Usajili usisubiri dakika za mwisho

Hapa ndipo wengi wanakwama. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, taasisi inayoomba lazima iwe imesajiliwa SAM.gov na kupata namba ya UEI. Usajili huo unahuishwa kila mwaka, na kuukamilisha kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa Umoja wa Ulaya, taasisi inahitaji namba ya PIC yenye tarakimu tisa.

Habari njema ni kwamba chuo chako kinaweza kuwa nazo tayari. Ulizia ofisi ya utafiti kabla hujaanza kuandika, na uliza kama bado ziko hai.

Jihadhari usipigwe

Kujisajili SAM.gov ni bure. Kuomba kupitia Grants.gov ni bure. Kupata PIC ni bure. Kuna kampuni zinazotuma barua pepe zinazofanana na za serikali zikidai malipo ya "kukamilisha usajili". Kabla ya kubofya, angalia anwani: za serikali ya Marekani huishia na .gov, na za Umoja wa Ulaya na europa.eu. Ukiambiwa umeshinda ruzuku ambayo hukuiomba, huo ni utapeli.

Zipo pia kanzidata halali za kulipia, kama Pivot-RP na Research Professional. Usitoe hela yako mfukoni: muulize mkutubi kama chuo kinalipia, kisha ingia kwa barua pepe ya chuo.

Weka kumbukumbu

Fungua jedwali moja kwenye simu au kompyuta: jina la mfuko, kiungo cha tangazo rasmi, nani anaruhusiwa, siku ya mwisho, na tarehe uliyohakiki mara ya mwisho. Siku ya mwisho iandike kwa saa za Afrika Mashariki. Saa 11 jioni ya Brussels, huku ni saa 12 jioni au saa 1 usiku, kutegemea msimu.