Kujenga Eldoret: Ramani, mikataba na kibali cha kaunti

ELDORET ilikabidhiwa hati ya kuwa jiji mnamo Agosti 15, 2024, na kuwa la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Mji huo ulioanzia katika shamba nambari 64, ambao wenyeji wengi wangali wanauita Sisibo, umekua kwa kumeza mashamba yaliyokatwa vipande na kuuzwa. Palipokuwa na mahindi na ngano sasa pana nyumba za kupangisha.

Kila anayenunua ploti katika maeneo hayo hukabiliwa na maswali matatu: Nani atachora ramani? Nani ataiidhinisha? Na nani atawajibika jengo likipata nyufa? Aghalabu swali la tatu huulizwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha. Makala haya yanaeleza kazi ya msanifu majengo, mikataba miwili ambayo mwenye nyumba anapaswa kuwa nayo, na utaratibu wa kupata kibali.

MSANIFU MAJENGO NI NANI?

Sheria ya Wasanifu Majengo na Wakadiriaji Gharama za Ujenzi, Sura ya 525, imekuwapo tangu miaka ya 1930. Ndiyo iliyounda bodi ya usajili inayofahamika kama BORAQS. Kwa mujibu wa sheria hiyo, hakuna mtu anayeruhusiwa kufanya kazi kwa jina la msanifu majengo ikiwa hajasajiliwa na bodi. Ili kusajiliwa, mhitimu wa chuo kikuu hutakiwa kwanza kupata tajriba ya kazi chini ya wataalamu waliomtangulia, kisha afaulu mtihani wa bodi.

Chama cha Wasanifu Majengo nchini, AAK, kilichoanzishwa mwaka wa 1967, ni kitu tofauti. Hicho ni chama cha wanataaluma, na kuwa mwanachama wake si sawa na kusajiliwa na bodi. Mteja ana haki ya kumuuliza msanifu nambari yake ya usajili na kuihakikisha kwa BORAQS kabla ya kulipa chochote.

Msanifu hafanyi kazi peke yake. Uimara wa nguzo, sakafu na msingi ni jukumu la mhandisi wa miundo, ambaye husajiliwa na Bodi ya Wahandisi chini ya sheria ya mwaka wa 2011. Gharama hukadiriwa na mkadiriaji. Ikiwa ardhi ilikuwa ya kilimo au ya makazi na mwenyewe anataka kuweka maduka, mpangaji miji aliyesajiliwa huandaa ombi la kubadilisha matumizi yake.

MUHURI WA KUKODI

Kuna mazoea ambayo yameenea katika miji mingi nchini. Mchoraji asiyesajiliwa huchora ramani kwa bei nafuu, kisha hutafuta msanifu aliyesajiliwa ili aipige muhuri kwa malipo kidogo. Ofisi ya mipango huona muhuri na kuipokea ramani. Msanifu mwenyewe huenda hajawahi kukanyaga kiwanja hicho, wala hajui kama udongo wake ni mfinyanzi unaovimba mvua inyeshapo au ni ardhi ngumu.

Mwenye nyumba hudhani ameokoa fedha. Kwa hakika amenunua sahihi tu, wala hakununua huduma. Fundi akipunguza vyuma au akiongeza orofa isiyokuwa kwenye ramani, hapana mtaalamu wa kumzuia. Msanifu anayekodisha muhuri naye hujitia hatarini, kwa maana bodi ina mamlaka ya kulifuta jina lake katika orodha.

Madhara yake si ya fedha pekee. Usiku wa Aprili 29, 2016, jengo la makazi liliporomoka katika mtaa wa Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafariki. Lilikuwa limejengwa kando ya mto bila idhini.

MKATABA WA KWANZA: MTEJA NA MSANIFU

Mali bila daftari huisha bila habari. Makubaliano na msanifu yanapaswa kuandikwa na kutiwa sahihi kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Jambo la kwanza ni hatua za kazi. Kwa kawaida msanifu huanza kwa kusikiliza mahitaji ya mteja na kukagua kiwanja, kisha hutoa mapendekezo ya awali, mchoro wa kuwasilishwa kwa kaunti, michoro kamili ya ujenzi, na hatimaye husimamia kazi hadi jengo likabidhiwe. Malipo hugawanywa kulingana na hatua hizo. Mteja asilipe ada yote kwa wakati mmoja.

Jambo la pili, ambalo ndilo huachwa, ni usimamizi. Mkataba useme waziwazi iwapo msanifu atatembelea kiwanja, mara ngapi, na katika hatua zipi: msingi unapochimbwa, vyuma vinapofungwa, na kabla ya zege kumwagwa. Mkataba ukiishia kwenye ramani, wajibu wa msanifu nao utaishia hapo.

Jambo la tatu ni hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inalinda kazi za usanifu majengo. Mteja anayelipia ramani ya nyumba moja asidhani kwamba amepata ruhusa ya kuirudia katika ploti nyingine tano. Ikiwa ana nia hiyo, iandikwe.

KIBALI CHA KAUNTI

Kabla ya mwaka wa 2013, ramani ziliidhinishwa na Baraza la Manispaa ya Eldoret. Leo kazi hiyo ni ya Serikali ya Kaunti ya Uasin Gishu, chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua mahali pa ile ya 1996. Anayeanza kujenga bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au adhabu zote mbili.

Ombi huambatanishwa na ramani za msanifu na za mhandisi, pamoja na stakabadhi za umiliki wa ardhi. Maafisa huangalia mambo mengi: matumizi yaliyotengewa eneo hilo, umbali kutoka mpaka wa jirani, njia ya kuingilia, na jinsi majitaka yatakavyoondolewa. Pale ambapo bomba la majitaka la kampuni ya ELDOWAS halijafika, ramani sharti ionyeshe tangi lake.

Baadhi ya ploti huhitaji tahadhari zaidi. Zilizo kando ya Mto Sosiani zinabanwa na kanuni za mazingira zinazokataza ujenzi katika ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, kulingana na upana wa mto. Zilizopakana na barabara ya Uganda ziheshimu hifadhi ya barabara kuu. Nazo zilizo katika njia ya ndege zinazotua Kapseret huhitaji idhini ya urefu wa jengo kutoka kwa mamlaka ya usafiri wa ndege. Msanifu mzuri hukagua mambo haya kabla ya kuchora.

Sheria ya 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika muda wa siku 60, kibali kitachukuliwa kuwa kimetolewa. Kifungu hiki kisitegemewe ovyo. Hifadhi risiti na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa siku ya kupokelewa, kwani hizo ndizo ushahidi. Aidha, kimya cha kaunti hakiondoi haja ya leseni ya mazingira kutoka NEMA pale inapohitajika, wala ya kuusajili mradi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA).

Ombi likikataliwa, mwombaji ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango. Asiporidhika, anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo mjini Eldoret.

MKATABA WA PILI: MWENYE NYUMBA NA MWANAKANDARASI

Mwanakandarasi lazima awe amesajiliwa na NCA, iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2011. Usajili una madaraja manane, la kwanza likiwa la miradi mikubwa na la nane la midogo. Hakikisha daraja lake linatosha kwa jengo lako.

Kwa majengo ya watu binafsi, mkataba unaotumiwa sana ni ule wa Baraza la Pamoja la Ujenzi, toleo la 1999, ulioidhinishwa na AAK pamoja na chama cha wanakandarasi. Katika mkataba huo msanifu ana nafasi ya pekee. Ndiye anayetoa maagizo kiwanjani, anayeamua iwapo mwanakandarasi aongezewe muda, na anayetia sahihi vyeti vya malipo. Ingawa analipwa na mwenye nyumba, anapotoa cheti anapaswa kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili.

Tuchukue mfano. Kazi iliyofanywa ina thamani ya Sh1 milioni, na mkataba unaruhusu asilimia 10 kuzuiliwa. Msanifu atatoa cheti cha Sh900,000, na Sh100,000 zitabaki kama dhamana. Kwa kawaida nusu ya dhamana hulipwa jengo linapokamilika. Nusu nyingine husubiri kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho aghalabu ni miezi sita, kiishe.

Hapa ndipo hasara ya muhuri wa kukodi huonekana wazi. Mkataba unamtaja msanifu, lakini msanifu hayupo. Hakuna cheti, hivyo mwanakandarasi hudai alichokadiria mwenyewe. Hakuna anayetangaza kwamba jengo limekamilika, hivyo kipindi cha kasoro hakina mwanzo. Mzozo ukizuka na kufikishwa kwa mpatanishi, mwenye nyumba hana karatasi ya kumwonyesha. Kumbuka pia kwamba madai yanayotokana na mkataba hufungwa baada ya miaka sita.

KABLA YA KUHAMIA

Kazi ikiisha, msanifu na mhandisi huthibitisha kwamba jengo linalingana na ramani iliyoidhinishwa, na kaunti hutoa cheti cha kuruhusu watu kuhamia. Benki, kampuni ya bima au mnunuzi anaweza kukidai cheti hicho miaka mingi baadaye. Kiweke pamoja na mikataba yote miwili, kibali, ramani zenye muhuri na vyeti vya malipo. Faili hiyo ni sehemu ya nyumba, na atakayeirithi nyumba atahitaji kuirithi nayo.