Dumuzi wa Mahindi na Adui Yake

Kila nyumba yenye chakula ina wageni wasioalikwa. Panya, mende na fukusi waliwasumbua wazee wetu tangu kale, nao wazee walikuwa na dawa zao: walitundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu, wakachanganya nafaka na majivu, tena wakaianika juani kabla ya kuitia ghalani. Leo twataka kueleza habari za mdudu mmoja aliyezishinda desturi hizo, na jinsi alivyotafutiwa adui.

Mdudu huyo ni dumuzi mkubwa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Kufikia mwaka 1981 alikuwa amekwisha kutambuliwa Tabora, katika Tanzania; mwaka 1983 alionekana Taveta, katika Kenya. Wakulima wa Tanzania walimwita Scania, jina la malori makubwa, ingawa urefu wake haufiki milimita 5. Palikuwa na maghala yaliyopoteza kama theluthi ya uzito wa mahindi kwa miezi michache, na mihogo mikavu iliharibika zaidi. Mtu alifungua ghala lake akakuta unga mahali pa punje. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa nini alishinda? Kwanza, watu wengi waliweka mahindi yangali katika magunzi. Gunzi huzishika punje imara, naye dumuzi hupata mahali pa kujikaza anapotoboa. Pili, alikuja peke yake. Adui zake walibaki kwao.

Basi wataalamu walikwenda kumtafuta adui huko. Wakamchagua mdudu mdogo mweusi, aitwaye kwa Kilatini Teretrius nigrescens, alaye mayai na watoto wa dumuzi. Dumuzi dume akipata chakula hutoa harufu ya kuwaita wenziwe, na harufu iyo hiyo humwongoza adui. Baada ya kupimwa kwa uangalifu, mdudu huyo aliachiliwa Togo mwaka 1991, na Kenya mwaka 1992.

Je, dumuzi alikwisha? La. Mahali pengine alipungua, lakini huishi pia katika miti mikavu ya porini, na kutoka huko huruka tena hata maghalani. Adui naye huzaana polepole kuliko yeye. Kwa hiyo adui husaidia porini, lakini ghala hulindwa na mwenyewe.

Na tulilinde hivi. Tuvune mapema mahindi yakikomaa, tuyakaushe sana, tuyapukuchue, kisha tupepete na kutupa punje zilizotobolewa. Tufagie ghala, na mabaki ya mwaka jana tuyachome moto, wala tusimwage mavuno mapya juu ya ya zamani. Majivu makavu yaliyochekechwa, yakichanganywa kwa wingi, hujaza nafasi kati ya punje na kuwazuia wadudu kutembea. Aliye na pipa au mfuko usiopitisha hewa aujaze nafaka kavu na kuufunga kabisa; wadudu waliomo watamaliza hewa, nao watakufa.

Wazee wetu hawakukosea kutumia majivu na jua. Dumuzi ametufundisha kuongeza jambo moja: mahindi yatoke katika gunzi kabla hayajaingia ghalani.