Pikipiki ya Kuazima: Kumbukumbu ya Kirumba, 1983

Ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mliomo madarasani leo: kila tukutanapo huzungumza juu ya walimu, mpira na uji wa asubuhi. Safari hii naomba nafasi nieleze habari za pikipiki moja, kwa kuwa ndani yake imo historia ya miaka migumu ya nchi yetu, na imo pia tabia ya mtu mmoja ambayo sijapata kuisahau.

Kwanza hapana budi tukumbuke hali ilivyokuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, na vita vikaendelea hadi 1979, mwaka uleule bei ya mafuta ilipopanda duniani. Fedha za kigeni zikawa haba. Kufikia 1983 sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni, na mwaka huohuo Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi. Spea za pikipiki hazikuwa kitu cha kwenda dukani ukanunua. Aliyekuwa na pikipiki nzima aliitunza kama ng'ombe wa maziwa.

Jirani yetu wa Kirumba, mzee fundi wa mitumbwi, alikuwa na Honda ndogo aliyoinunua mkononi mwa mtu. Kwa hiyo alifuatia mbao na kuwafikia wateja wake wa mwaloni. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Jumamosi moja nilimwamkia, nikamwomba aniazime nifike mjini mara moja. Akaniuliza, "Unajua kuendesha, mwanangu?" Nikajibu, "Najua, baba." Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimepakiwa nyuma mara mbili tu.

Niliachia klachi kwa ghafla, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Mwili ukavutwa nyuma, na mkono nao ukazidi kuvuta mafuta. Hilo ndilo kosa la kila asiyezoea: akiogopa hushika kwa nguvu, na akishika kwa nguvu huongeza mwendo. Kabla sijaifikia barabara ya Makongoro alitokea mama mwenye ndoo ya dagaa. Nikabana breki ya mbele juu ya mchanga, gurudumu likateleza, nikaishia kwenye jiwe. Na kwetu Mwanza mawe hayako mbali. Taa ilivunjika, hendeli ikapinda, mkono wa klachi ukakatika. Mimi nilichubuka goti na kiwiko. Yule mama hakuguswa.

Niliisukuma hadi kwa mwenyewe huku nikitetemeka. Mzee alikuwa akikalafati mtumbwi. Aliweka nyundo chini. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umeumia wapi?" La pili, "Kuna mtu umemgonga?" Niliposema hakuna, akamshukuru Mungu, akamwita mkewe alete maji ya moto na chumvi. Goti liliposafishwa ndipo alipoizunguka pikipiki yake, polepole, akiigusa ile taa pasipo kusema neno. Nikaungama kwamba nilimdanganya. Akasema, "Nilijua. Nilikuona ulivyoshika hendeli, na bado nikakupa ufunguo. Kosa hili tumelifanya wawili."

Baadaye ukubwani nilisoma jinsi watu wa kale walivyolitazama jambo la kuazima. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, humtaka aliyeazima mnyama alipe akiumia au kufa. Lakini mwenye mnyama akiwapo wakati huo, hakuna malipo. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliyeazima ni mdhamini wa kitu. Hanafi humwachilia asipokuwa amefanya uzembe. Sheria yetu ya Mikataba ya mwaka 1961, iliyofuata mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, humtaka aliyekabidhiwa mali aitunze kama mtu wa busara atunzavyo mali yake. Kwa kipimo chochote kati ya hivyo, mimi nilikuwa na hatia. Lakini sheria hizo hujibu nani alipe. Hazisemi mwenye mali afungue kinywa kwa neno gani. Hilo limeachiwa utu.

Msidhani kwamba mzee alilifuta deni. La hasha. Baba yangu alikwenda kwake jioni ile, wakazungumza, wakaafikiana nifanye kazi kila Jumamosi. Kwa miezi minne nilisokota pamba na kuisokomeza katika viungo vya mitumbwi. Hendeli ilinyooshwa kwa moto, na mkono wa klachi ukachongwa na fundi wa vyuma. Taa haikupatikana. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, ndipo spea zilipoanza kuonekana tena madukani. Muda wote huo mzee aliwahi kurudi kabla ya jua kuzama, na jua likimshinda aliisukuma. Sikumsikia hata siku moja akimweleza mtu sababu.

Jumamosi ya mwisho alinipa ufunguo. Mikono yangu ilikataa kuupokea. Akasema, "Leo kaa, nikufundishe." Tukaanza na klachi, injini ikiwa imezimwa.

Vijana wa shule yetu, siku hizi pikipiki zimejaa Kirumba, na tangu kanuni za mwaka 2010 zinabeba abiria kwa leseni. Wengi wenu mtajifunza kwa pikipiki ya rafiki au ya kaka. Msiseme mnajua kama hamjui. Nanyi wenzangu, ambao sasa ndio wenye pikipiki na magari, siku kijana atakaporudi akisukuma, mtazameni goti lake kwanza. Chuma kitangoja. Wahenga walisema: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Yule mzee aliyaganga yajayo yangu.