Historia Mbadala ya Vita vya Koo katika Dune
Katika riwaya ya bunilizi ya kisayansi Dune (1965), Frank Herbert anazipambanisha koo za Atreides na Harkonnen kuhusu Arrakis, sayari pekee itoayo kiungo kinachowezesha safari za nyota kwa nyota. Je, ingekuwaje iwapo tabibu Yueh asingemsaliti Leto Atreides? Swali hilo, ingawa linavutia, linamsahau Mfalme Mkuu, aliyewavisha askari wake sare za Harkonnen. Hila nyingine ingetafutwa. Lililo zito zaidi Herbert analijibu mwenyewe. Kabla ya kupigana na Feyd-Rautha, Paul, mwana wa Leto, anatambua kwamba hata akiuawa, Wafremen watapigana jihadi kwa jina lake. Anashinda. Katika Dune Messiah (1969), waliouawa wanatajwa kuwa bilioni 61.