Geoffrey Oryema: Maombolezo Mbele ya Hadhira ya Ugenini

Mnamo Februari 1977, Erinayo Oryema, waziri katika serikali ya Idi Amin, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwingine, Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilidai kuwa ni ajali ya gari. Mwanawe Geoffrey, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani mjini Kampala, alivushwa mpaka hadi Kenya akiwa amefichwa katika buti la gari, kisha akahamia Ufaransa.

Albamu yake Exile, iliyotayarishwa na Brian Eno, ilitoka mwaka 1990. Nanga, ala ya nyuzi saba aliyofunzwa na marehemu baba yake, ilimjengea sifa Ulaya. Kiacholi alichoimba, hata hivyo, kwa wengi kilikuwa sauti tupu. Hapo ndipo anapotofautiana na Okot p'Bitek, Mwacholi mwenzake aliyepata hifadhi Nairobi. Okot aliutafsiri mwenyewe utenzi wake wa Lawino (1966), na wasomaji wakabishana naye neno kwa neno. Oryema hakupata wa kubishana naye. Maombolezo ya Kiacholi huimbwa mbele ya waliomjua marehemu. Yeye aliomboleza mbele ya wageni, akiutaja Anaka, mji wa wazazi wake, kwa watu wasioweza kuuonyesha kwenye ramani. Wahakiki waliomsifu kwa “sauti ya huzuni” pekee walimpunja: walimsahau mtunzi.

Alirudi Uganda mwaka 2016, takriban miaka arobaini baadaye, akaimba Kampala. Alifariki Ufaransa Juni 2018.