Hesabu Iliyoileta Stima Nairobi

Mwaka 1908, mji wa Nairobi ukiwa haujatimiza hata miaka 10 tangu reli ilipoufikia, mhandisi mmoja alipewa haki ya pekee ya kuupatia umeme, ikaundwa Nairobi Power and Lighting Syndicate. Na mwaka uo huo, kule Mombasa, tajiri Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua jenereta ambayo zamani Seyyid Barghash aliiagiza ili iangaze kasri yake ya Unguja. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliungana zikawa East African Power and Lighting.

Lakini hesabu ya kuziongoza nyaya hizo ilikuwa imekwisha kuandikwa zamani na mwalimu wa skuli, Georg Simon Ohm wa Köln, Ujerumani, aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1827 ya kwamba mkondo upitao katika waya huzidi kadiri msukumo wa umeme unavyozidi, na hupungua kadiri waya unavyoukinza. Wengi walikipokea kitabu hicho kwa dharau, naye akaiacha kazi yake. Heshima aliyostahiki haikumfikia mpaka 1841, Jumuiya ya Kifalme ya London ilipomtunukia nishani ya Copley. Mwaka uo huo James Joule alitangaza kwamba joto litokalo katika waya hufuata mraba wa mkondo.

Basi ukizigawa volti kwa ampea hupata ukinzani, uhesabiwao kwa omu, na ukizizidisha volti kwa ampea hupata nguvu, ihesabiwayo kwa wati. Birika la umeme linalovuta ampea 10 katika volti 240 za Nairobi lina ukinzani wa omu 24 na hutumia wati 2,400, ilhali balbu ya zamani ya wati 60 huvuta robo ya ampea tu, kwa sababu uzi wake mwembamba, ukishapata moto, hukinza kwa omu 960.

Fadhila kubwa ya hesabu hii ilidhihirika mwaka 1954, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa huko Jinja, ikaundwa Kenya Power Company ili ijenge njia ya kuleta umeme kutoka Tororo mpaka Nairobi. Njia hiyo ilipewa volti 132,000, wala hiyo haikuwa fahari ya wahandisi: maadamu nguvu ni zao la volti na ampea, ukipandisha volti mara nne, mkondo unaohitajika kwa nguvu ile ile hushuka hata robo, na hasara ya joto njiani hushuka hata sehemu moja ya kumi na sita. Kwangu mimi hapa ndipo historia ya stima yetu ilipo hasa, kuliko katika majina ya makampuni.

Umeme ushukapo kwenye transfoma za Westlands na Kileleshwa, waya ni mnene na safari ni fupi. Katika vichochoro vya Kangemi na Kawangware, ambako aghalabu waya mwembamba huvutwa kutoka ploti moja hadi nyingine, taa hufifia jioni watu wakipika. Waya wenye ukinzani wa omu moja, ukipitishwa ampea 20, hula volti 20, na wati 400 hugeuka joto ndani yake. Mkondo ukifika ampea 40, joto halizidi maradufu bali mara nne, likawa wati 1,600, nayo plastiki iufunikayo waya huweza kuyeyuka. Kwa sababu hiyo fundi ajuaye kazi yake huuliza kwanza jumla ya wati za vyombo vyote vya nyumba, akaigawa kwa volti 240, ndipo achague unene wa waya.